Geji ya joto la oili kwenye Kombi yetu ya 1974: imenifaa, lakini kazi yote iko kwenye sensa

Mtu anayeendesha Kombi ya zamani, ile ya injini nyuma inayopozwa kwa upepo, husafiri bila kujua jambo moja kubwa: injini imepata joto kiasi gani. Gari halina rejeta wala maji, kwa hiyo halikupewa ile geji ya joto ambayo wenye Hiace na Noah wanaiona mbele yao kila siku. Dashibodi ina taa ya chaji na taa ya oili, basi. Na taa ya oili haipimi joto, inapima presha. Inawaka presha ikishuka chini ya nusu bar, na kwa injini iliyokuwa ikipanda mlima na mzigo, kufikia hapo beringi huwa zimeshaanza kuumia.

Kombi yetu ni ya mwaka 1974, injini ya 1600. Aliinunua baba mkwe, akamwachia mume wangu, na kwa kuwa mwenye biashara ya kupanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Iringa ni mimi, dereva wake ni mimi. Kupanda nabeba vitenge na vyombo vya plastiki, kushuka nabeba viazi, na nikipita Ruaha Mbuyuni naongeza vitunguu. Kombi ya aina hii ilitengenezwa kubeba karibu tani moja, na mimi huijaza. Injini yenyewe ina nguvu farasi 50, na oili inayoingia ni lita mbili na nusu tu. Hizo lita mbili na nusu zinalainisha na wakati huohuo zinabeba joto kutoka kwenye vyuma hadi kwenye kipoza oili kinachopulizwa na feni. Hakuna chujio la oili la kubadilisha, kuna wavu tu chini ya sampu, yaani sehemu ya chini ya injini inakokaa oili. Oili kidogo hivyo, kazi nyingi hivyo, halafu dereva hana namna ya kujua hali yake. Hilo lilinikosesha raha kwa muda mrefu.

Niliyofunga ni geji ya VDO, ya Ujerumani. Kipenyo chake ni milimita 52, uso mweusi, namba nyeupe, inaanza sentigredi 50 na kuishia 150. Sensa, yaani kile kipande kinachohisi joto ndani ya oili, inauzwa peke yake, na hapo ndipo wengi hununua vitu visivyooana, nitalieleza hapo mbele. Aliniletea mdogo wangu alipokuja likizo. Geji na sensa pamoja zilinitoka chini kidogo ya laki tatu, ukiacha waya, fyuzi na mkono wa fundi. Kwa gari ambalo kufungua na kusuka injini upya ni mamilioni, sikuiona bei hiyo kuwa kubwa.

Fundi wangu hakuipenda tangu nilipoifungua kwenye boksi. Ni mzee wa siku nyingi Ilala, amezishika Volkswagen tangu ujana wake, na ninamheshimu kwa hilo.

"Mwanangu, gari hizi zilishinda Safari Rally mwaka 1962, na hakuna aliyekuwa akitazama joto la oili."

"Ni kweli mzee wangu, Fjastad alishinda. Lakini ile ilikuwa Volkswagen ndogo, nyepesi. Mimi nina tani mbili na zaidi gari likijaa, na mlima wa Kitonga naupanda na mzigo."

Akanyamaza kidogo, akasema tuilete tuone. Baadaye ndiye aliyenisaidia kuliko mtu yeyote, na mengi ninayoandika hapa ni ya mikono yake.

Kabla ya kufunga chochote nilitaka kujua kama geji inasema kweli. Shemeji yangu ana Kombi pia, na yeye alikuwa amefunga geji ya bei rahisi isiyo na jina, akawa anajivunia kwamba injini yake haizidi 85 hata jua la saa nane. Tulizipima zote mbili jikoni kwangu. Unahitaji bateri ya volti 12, vipande vya waya na sufuria ya maji yanayochemka. Chanya ya bateri inaingia kwenye nguzo ya plasi ya geji, hasi inaingia kwenye nguzo yake ya minasi. Kutoka nguzo iliyoandikwa G unapeleka waya kwenye kichwa cha sensa, na kutoka kwenye mwili wa sensa unarudisha waya kwenye hasi ya bateri. Sensa inaning'inizwa ndani ya maji kwa waya wake, isiguse chini ya sufuria, kwa sababu chuma cha chini kina joto kuliko maji. Kichwa chenye waya kinabaki juu, kikavu.

Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa sentigredi 100. Geji ya VDO ilisimama unywele mmoja chini ya 100 ikatulia hapo. Ile ya shemeji ilisimama kwenye 82, maji yakirukaruka mbele yetu. Maana yake injini yake ikisoma 85 barabarani, oili ilikuwa imevuka 100, na yeye alikuwa akiendesha kwa amani. Aliitoa siku hiyohiyo. Mwenye kufanya jaribio hili Iringa asiilaumu geji bure: kule juu maji yanachemka kwenye 95 hivi, na geji nzuri itasoma hivyohivyo. Nairobi ni karibu 94.

Sensa hizi kwa ndani ni kipande kinachopunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Ya VDO ya 150 ina ohmu kama 320 kwenye sentigredi 50, hushuka hadi 60 hivi maji yakichemka, na huwa chini ya 20 kwenye 150. Mwenye mita ya umeme anaweza kuipima sensa peke yake bila geji. Na hapo ndipo penye lile suala la kuoana: sensa za kampuni nyingine, au hata za VDO za kipimo kingine, zina ohmu tofauti. Ukichanganya, sindano itacheza vizuri tu, itapanda na kushuka, na utaamini, kumbe inasoma uongo mtupu. Nunua geji na sensa za kipimo kimoja, kwa muuzaji mmoja, mara moja.

Sasa mahali pa sensa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeziona Kombi kadhaa zenye geji nzuri na sensa iliyowekwa pasipofaa.

Mafundi wengi hukimbilia mahali pa swichi ya presha ya oili, karibu na distributa, kwa sababu panafikika kwa mkono na tundu lipo tayari. Hutia kiungio cha njia mbili, upande mmoja swichi ya presha, upande wa pili sensa ya joto. Lakini pale ni kichochoro kisichopitika: oili imeingia, imesimama, haizunguki. Sensa inapima joto la chuma cha kiungio na oili iliyolala. Presha unaweza kuipima pale, joto la oili halipatikani.

Njia ya pili ni dipstiki yenye sensa. Unachomoa dipstiki yako, unachomeka nyingine yenye waya kichwani. Haimwagi oili, haihitaji spana. Kwa mtu asiyetaka kugusa sampu si mbaya. Ila ncha yake iko juu juu, na oili ikipungua kidogo inakuwa inapima hewa ya moto badala ya oili. Tena ni wakati huohuo wa oili kupungua ndipo unapohitaji kusoma kweli.

Njia ya tatu ndiyo niliyochukua: sensa yenye uzi wa M14 kwa 1.5, yaani kipenyo cha milimita 14 na milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, inayoingia kwenye tundu la kumwagia oili katikati ya kifuniko cha sampu. Inakaa ndani ya oili muda wote, sentimita chache kutoka pale pampu inapovutia. Inachosoma ndicho kinachokwenda kwenye beringi. Tazama kwanza kama kifuniko chako kina tundu hilo, maana baadhi ya vifuniko vya miaka ya sabini havina, vimezibwa kabisa katikati, na itabidi utafute cha zamani. Na chagua sensa fupi, isije ikagonga wavu ulio juu yake.

Ubaya wa mahali hapa unaonekana ukilala chini ya gari: sensa inatokeza chini kabisa ya injini. Kwa barabara ya lami si neno. Kwa njia ya kwenda mashambani kuchukua viazi, jiwe moja linatosha kuikata na kumwaga oili yote. Fundi ndiye aliyelitatua. Alichukua kifuniko kingine kikuukuu, akachomelea kipande cha chuma bapa kilichopinda kikaizunguka sensa pande tatu na kuacha upande wa nyuma wazi kwa ajili ya waya. Moto wa kuchomelea ulikipinda kifuniko kidogo. Hakukifunga hivyohivyo. Alilaza kioo cha dirisha juu ya meza, akatandaza msasa juu ya kioo, akakisugua kifuniko uso chini, taratibu, kwa mduara, akikigeuza na kukitazama, mpaka alama ya msasa ikaenea mzunguko wote bila kuruka mahali. Nilisimama pale nikitazama, na nilielewa kwa nini magari anayoyagusa yeye hayavuji.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Oili imwagwe ikiwa ya vuguvugu. Kifuniko kinashikwa na nati sita ndogo za spana namba 10, na kila moja ina washa yake ya shaba. Wavu unakaa katikati ya gasketi mbili, moja juu yake na moja chini yake. Gasketi na washa ziwe mpya, zote, usirudishe za zamani. Halafu hizo nati: zinakazwa kwa nyutoni-mita 7 tu, yaani nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Studi zake ni za M6, zimeingia kwenye aloi laini ya injini, na fundi mwenye mkono mzito akizikaza kama anakaza nati za tairi, uzi unatoka na studi yake. Nimeona Kombi tatu nne mtaani zinazodondosha oili pale chini, na nyingi chanzo chake ni hicho.

Waya unatoka nyuma hadi mbele, na Kombi ni ndefu. Tuliupitisha ndani ya bomba la plastiki, ukafuata njia ya waya za kiwandani chini ya sakafu, mbali na bomba la moshi na mbali na waya wa klachi. Kila panapopita kwenye tundu la bati tuliweka raba. Mbele, chanya ya geji inachukua umeme wa ignisheni, namba 15 kwa hesabu ya Wajerumani, kupitia fyuzi. Hasi ni namba 31. Balbu ya ndani ya geji inaungwa na 58 ili iwake pamoja na taa za dashibodi. Geji yenyewe ipo kwenye kikombe chake chini ya dashibodi, kulia kwa usukani, mahali ambapo jicho linafika bila kugeuza kichwa. Sikukubali dashibodi itobolewe. Dashibodi ya 1974 isiyo na tundu la redio za kubahatisha si kitu cha kuharibu.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama waya uko sawa: washa ignisheni, chomoa waya kwenye sensa, uguse mara moja kwenye chuma cha injini. Sindano lazima iruke mpaka mwisho, 150. Ukiuachia hewani, irudi chini. Kwetu iliruka, lakini tulipounga sensa na kuwasha injini ilikuwa inasoma chini kuliko nilivyotarajia. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye waya wa eathi wa gia boksi, ule mkanda wa shaba unaounganisha gia boksi na bodi mbele yake. Injini na gia boksi zimekalia raba, na eathi yote ya huko nyuma inategemea mkanda huo. Ulikuwa umeoza kijani nusu nzima. Ukinzani wa kutu ukijumlishwa na wa sensa, geji inadhani oili ni ya baridi. Tuliweka mpya. Sindano ikapanda mahali pake, na hata starta ikaanza kuzungusha injini kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

Barabarani, jambo la kwanza la kujua ni kwamba sindano haitainuka mapema. Geji inaanza 50, na oili inachukua muda kupata joto. Kutoka nyumbani Mbezi mpaka inaanza kusogea nakuwa nimekaribia Kibaha. Haijafa. Ipe nafasi.

Safari za mwanzo, kati ya Chalinze na Morogoro ambako barabara ni tambarare na mimi natembea 80 hivi, ilikuwa inasimama 110. Jua kali, mzigo umejaa, lakini hakuna mlima. Kwa injini hizi, 90 mpaka 110 ni joto la kazi, 120 ni mahali pa kuchukua hatua, na 130 ni mahali pa kusimama. Kuanza safari ya milima ukiwa tayari na 110 ni kuingia mlimani bila akiba. Nikarudi kwa fundi, tukaanza kuangalia vitu vinavyoleta joto: mkanda wa feni, je, unabonyea sentimita moja na nusu hivi kwa kidole gumba, taimingi, mchanganyiko wa kabureta kama si mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Vyote vilikuwa vizuri.

Kosa lilikuwa kwenye raba. Kuizunguka injini ya Kombi kuna mabati, na kati ya mabati hayo na bodi kuna ukanda wa raba unaoziba pande zote. Kazi yake ni kutenga hewa ya juu, ambayo ni safi na feni inaivuta, na hewa ya chini, ambayo imeshapita kwenye silinda na bomba la moshi. Kwetu, kipande cha nyuma hakikuwapo kabisa, na cha upande wa kushoto kilikuwa kimekauka na kuvunjikavunjika. Kwa hiyo feni ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kuungua na kuirudisha tena juu ya injini. Nani ajuaye ni miaka mingapi gari lilitembea hivyo. Tuliweka raba mpya mzunguko mzima. Safari iliyofuata, barabara ileile, jua lilelile, mzigo uleule, sindano ilisimama chini kidogo ya 100. Zaidi ya nyuzi kumi zimeondoka kwa kipande cha raba. Bila geji nisingejua kwamba kuna tatizo, na nikiambiwa nibadilishe raba ningeona ni urembo.

Halafu kuna Kitonga. Anayeijua njia ya Iringa anaijua. Unatoka kwenye bonde la mibuyu ambako joto limekupika saa nzima, unaikuta barabara inapanda kwa kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na mbele yako kuna malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa. Zamani nilikuwa napanda kwa gia ya tatu kadiri injini ilivyokubali, nikiona kwamba kelele kidogo ndiyo huruma kwa injini. Wenye Kombi wengi wanaamini hivyo. Geji ilinionyesha kinyume chake mbele ya macho yangu. Kwa gia ya tatu nyuma ya lori, mwendo 35, injini inazunguka chini ya 2,000 kwa dakika, imebanwa, na feni nayo imelegea kwa sababu inaendeshwa na injini hiyohiyo kwa mkanda. Sindano ilipita 110, ikapita 115, haikuonyesha dalili ya kutulia. Nikashuka gia ya pili, mwendo uleule 35. Injini ikapanda hadi 3,000 na ushee, kelele ikajaa gari zima, na kabla ya kona mbili zinazofuata sindano ilikuwa imesimama. Haikushuka, lakini ilisimama. Feni ya Kombi huzunguka karibu mara mbili ya mzunguko wa injini, kwa hiyo kila unapoiachia injini izunguke, unaipa upepo maradufu. Tangu hapo Kitonga naingia na gia ya pili mapema, kabla injini haijaomba, na naacha nafasi kubwa kati yangu na lori ili nisimezwe na moshi wake wa moto. Nafika juu na 118, mara nyingi chini ya hapo. Nimebandika kipande chembamba cha utepe mwekundu ukingoni mwa kioo, kwenye 120, na mpaka sasa sindano haijaugusa.

Nikifika juu sizimi injini papo hapo. Naiacha isailensi, yaani iwake bila kukanyagwa mafuta, dakika moja mbili, feni izunguke bila mzigo, ndipo nanunua ninachonunua Ilula. Ukizima injini ikiwa ya moto vile, feni imesimama, oili imesimama, na joto lote lililo kwenye vichwa vya silinda linabaki palepale.

Upande wa pili wa geji, ambao watu hawauzungumzii, ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba Iringa, alfajiri, nilikuta natembea mjini na sindano haivuki 65 hata baada ya mwendo mzuri. Oili isiyopata joto haikaushi maji yanayojikusanya ndani ya injini. Ukifungua kifuniko cha kutilia oili unakuta ute mweupe mweupe chini yake. Chanzo kilikuwa kwamba themostati na milango yake ya upepo iliondolewa zamani, kama ilivyoondolewa kwenye Kombi nyingi Afrika Mashariki, kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji. Milango hiyo inabaki imefungwa injini ikiwa baridi, na inaanza kufunguka joto likifika 65 hadi 70. Na ikitokea themostati imekufa, inaachia milango ikiwa wazi, kwa hiyo haiwezi kuchemsha injini. Ukiitoa unapoteza tu, hupati chochote. Tulitafuta seti kamili, tukairudisha, na sasa asubuhi za Iringa sindano inafika 80 bila taabu.

Kuna mambo ambayo geji hii haiwezi kukwambia, na anayeinunua aiweke akilini. Haipimi joto la vichwa vya silinda. Kichwa kinaweza kuungua kwa taimingi mbaya au mchanganyiko mkavu huku oili ikiwa bado inapanda taratibu, kwa sababu oili ni nzito kupokea habari. Kwa hilo kuna geji nyingine, ambayo pete yake inawekwa chini ya plagi ya silinda ya tatu, silinda ambayo kwenye injini za kabla ya 1971 ilikuwa inanyimwa upepo na kipoza oili. Hiyo bado sijaifunga, naifikiria. Pia geji ya joto haikusamehe kupima oili kwa dipstiki. Oili ikipungua nusu lita kwenye injini ya lita mbili na nusu, umepoteza sehemu moja ya tano ya kipozeo chako. Mimi napima kila asubuhi ya safari, kabla ya kuwasha, na kila kilomita 5,000 namwaga yote na kusafisha wavu. Natumia 20W-50, inapatikana kila kituo kuanzia Ubungo mpaka Mafinga.

Kubadilisha oili kumekuwa na hatua moja ya ziada, kuchomoa waya wa sensa na kuurudisha, na fundi asiyelijua gari anaweza kuuvuta akaukata. Nimefunga utepe wa njano kwenye waya huo sentimita chache kabla ya sensa, na anayeingia chini ya gari namwambia kwanza auangalie.

Kwa wenye Kombi za injini kubwa, za 1700 hadi 2000, sampu yao si kama hii niliyoieleza, na vipimo vya uzi wa mahali pa sensa mvithibitishe kwenye injini yenyewe kabla ya kutuma fedha. Wenye 1600 kama yangu, mkiagiza andikeni hivi: geji ya joto la oili milimita 52, volti 12, 50 hadi 150, sensa ya 150 ya kampuni ileile, M14 kwa 1.5, fupi, washa ya shaba ya sensa mbili, gasketi mbili za sampu na washa sita ndogo. Mkanda wa eathi wa gia boksi uongezeni kwenye orodha hiyohiyo hata kama wenu unaonekana mzima, ni bei ndogo na mtakuwa mmeshalala chini ya gari.